Kopo la bugali chini ya kitanda

Maneno haya niliyasema, mimi muuguzi wa kituo cha afya, mwishoni mwa Agosti 2024 mbele ya wazazi waliokusanyika katika ukumbi wa parokia, huku kwetu Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Wengine hawakuweza kufika, wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika jinsi nilivyoyasema, nikiondoa tu pale niliporudia-rudia.

Jambo yenu nyote, mama zangu na baba zangu. Nawashukuru kwa kuupanda huu mlima jua likiwa bado kali. Naona na vijana wamesimama kule mlangoni. Ingieni, viti vipo.

Wiki iliyopita nilikuwa soko la Nyawera nachagua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, mama anayeniuzia siku zote akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama muganga, tutafungiwa tena?" Alikuwa amesikia redioni kwamba tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani limetangaza mpox, ule ugonjwa wa vipele, kuwa dharura ya dunia nzima. Naye anajua, kama mnavyojua ninyi, kwamba aina hii mpya ya mpox ilianza kuonekana katika mkoa wetu, kule Kamituga, Septemba 2023. Mkono wake ulikuwa baridi. Huyu ni mama ambaye mwaka 2020 aliuza sahani zake za harusi ili watoto wale.

Nilimjibu yale ninayoyajua. Mpox haiendi kama Corona. Inapita hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, kwa shuka, kwa nguo, kwa kukaa karibu sana na mgonjwa. Lakini nilipokuwa napanda kurudi nyumbani nikaona kwamba sikumjibu vizuri. Hata mji usipofungwa, nyumba inaweza kufungwa. Mtu akishikwa na mpox anakaa kando mpaka magamba yote yadondoke na ngozi mpya iote, nayo huchukua wiki mbili hadi nne. Mama akikaa kando wiki nne, ni nani anapika? Baba akikaa kando wiki nne, ni nani analeta? Watu wa nyumba hiyo watalalaje, wataongeaje, nani atamfokea nani? Ndiyo sababu nilipoombwa na padri kusema neno juu ya ugonjwa, nikasema sitazungumza juu ya sabuni na maji. Hayo mmeyasikia tangu Ebola. Nataka kuzungumza juu ya yale yanayotokea ndani, baada ya mlango kufungwa, mtu anapokuwa na mawazo mengi mpaka hajijui. Vijana wanaita stresi.

Mnakumbuka Machi 2020. Tarehe 10 mgonjwa wa kwanza akatangazwa Kinshasa. Tarehe 19 shule zikafungwa, makanisa yakafungwa, baa zikafungwa, mikutano ya watu zaidi ya 20 ikakatazwa. Tarehe 24 Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura, na kabla mwezi haujaisha ugonjwa ulikuwa umefika hapa Bukavu. Mpaka wa Ruzizi ukafungwa; aliyezoea kuvuka asubuhi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, na kurudi jioni na chochote cha kupika akabaki anautazama mto. Hali ya dharura iliongezwa na kuongezwa hadi tarehe 21 Julai.

Mji wetu haukupigwa kufuli kama miji ya Ulaya tuliyoiona kwenye televisheni. Tuliita konfinema, yaani kufungiwa ndani, hata siku ambazo barabara zilijaa watu, kwa sababu njia zote ambazo chakula kilipitia kuingia nyumbani zilikuwa zimezibwa. Nami nilikuwa nasikia mashauri: kila mtu atafute chumba chenye utulivu, asome kitabu, afanye mazoezi, alale kwa muda wa saa nane. Chumba kipi? Nyumba zetu za mbao zimeshikana mpaka jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Nyumbani kwangu tulikuwa watu tisa katika vyumba viwili na sebule ndogo: mimi, mume wangu, watoto watano, mama mkwe na mdogo wangu wa kike. Mashauri yale yalikuwa mazuri kwa walioandikiwa. Sisi ilibidi tutafute ya kwetu, na tulichelewa kuyatafuta. Hilo ndilo nililokuja kuwaeleza, na nitawaeleza kwa nyumba yangu mwenyewe kwa sababu siwezi kusimulia nyumba ya mtu mwingine mbele ya watu.

Mume wangu anakodisha viti na mahema. Harusi, ubatizo, matanga, mikutano, yeye ndiye anaitwa. Fikirini kazi hiyo Machi 2020. Ndani ya siku moja hapakuwa na harusi, hapakuwa na matanga, hapakuwa na mkutano. Mimi ni muuguzi, na mngedhani kwetu sisi kazi iliongezeka. Kituoni kwetu wagonjwa walipungua. Watu waliogopa kuja wasije wakapimwa na kuambiwa wana Corona. Kituo kinaishi kwa malipo ya wagonjwa, basi na malipo yetu yakapungua. Na majirani waliacha kukaa karibu nami. Nikipita na blauzi yangu nyeupe mkononi, mtu anavuka upande wa pili wa njia.

Kila asubuhi mume wangu alitoka saa moja, amevaa vizuri, amepiga viatu rangi. Alirudi jioni, mikono mitupu, asiseme neno. Nikimuuliza ametoka wapi, anajibu: "Kazini." Kazi gani? Nikaanza kuwaza yale ambayo mwanamke huwaza. Nikaanza kuficha pesa kidogo nilizopata, nikazifunga katika kitambaa chini ya unga. Yeye naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ameficha zake. Tukawa watu wawili wanaolala kitanda kimoja, kila mmoja akiamini mwenzake ana kitu anachokificha, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuamini hivyo.

Katika wiki hizo nilimpiga binti yangu wa pili kwa sababu ya mafuta ya mawese yaliyomwagika. Hata chupa haikuisha. Ni vijiko vitatu, vinne. Nilimpiga kama mtu aliyemshika mwizi. Mimi, ninayewafundisha mama wengine jinsi ya kulea. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Hakulia. Aliniangalia tu, na macho yale ninayaona mpaka leo.

Nitasema kidogo juu ya mwili, maana ukijua unachofanyiwa na mwili wako unaweza kuushika. Mtu akiogopa, mwili hutoa homoni, adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia misuli, tumbo linasimama, usingizi unaruka. Mpango huo ni mzuri sana ukikutana na nyoka njiani: unaruka, unakimbia, nyoka anakwenda zake, mwili unapoa. Lakini nyoka akikaa ndani ya nyumba miezi minne, na humuoni, mwili haupoi. Unabaki na nguvu za kukimbia mahali pasipo na pa kukimbilia, na nguvu hizo humwangukia aliye karibu. Mara nyingi aliye karibu ni aliye mdogo.

Mwezi wa tano nilikuwa nafagia chini ya kitanda cha watoto. Nikasikia harufu ya uchachu. Nikavuta, nikatoa kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko. Ndani kulikuwa na vipande vya bugali, vingine vimekauka kama jiwe, vingine vimeota ukungu. Niliwaita watoto wote. Nilikuwa tayari nimekasirika, nataka kujua ni nani anayepoteza chakula wakati kama ule. Kijana wangu wa miaka minane akasogea mbele, akasema: "Ni yangu. Ninamwekea mtoto mdogo. Siku chakula kitakapoisha."

Nikamuuliza nani amemwambia chakula kitaisha. Akasema: "Nilikusikia ukimwambia mama wa jirani kwamba hujui kesho itakuwaje."

Wiki nzima mtoto wa miaka minane alikuwa akila nusu ya sahani yake na kuficha nusu. Sisi wakubwa tulikuwa tumenyamaza ili tusiwaogopeshe watoto. Watoto walikuwa wamejua kila kitu isipokuwa kile ambacho kingewasaidia: kwamba kuna mtu mzima anayeshughulika, na mpango wake ni upi.

Jioni ile, mume wangu aliporudi, sikumpigia kelele. Niliweka lile kopo mbele yake, nikalifungua. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniambia alikokuwa akienda kila asubuhi. Alikuwa akienda kwenye depo yake, anafungua mlango, anachukua kitambaa na maji, anafuta viti. Viti 200 vya plastiki. Anavifuta kimoja kimoja, anavipanga, kesho anakwenda kuvifuta tena, ingawa hakuna aliyevikalia. Alisema hakuweza kukaa nyumbani mbele ya watoto bila kazi. Mama zangu, nilikuwa nimemchukia mwanamume huyo miezi miwili kwa sababu ya mwanamke ambaye hakuwepo.

Tukatandika mkeka. Nikaenda kwenye unga nikatoa kitambaa changu, naye akatoa bahasha yake. Tukahesabu mbele ya wote, watoto na mama mkwe. Zilikuwa franga 34,000. Si kitu kwa watu tisa. Lakini ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi tujue sote ni kiasi gani, na namba ikishajulikana haikui tena usiku. Yale mawazo ya usiku yanakua kwa sababu hayana namba.

Kisha tukapanga. Asubuhi uji kwa watoto wadogo na mama mkwe. Chakula cha wote mara moja, saa kumi ya jioni, kila siku. Mume wangu ndiye aliyewaambia watoto: "Tutakula saa kumi. Hakitakuwa kingi. Siku tutakapobadilisha, mimi mwenyewe nitawaambia kabla." Siwezi kuwaambia kwamba njaa ilikwisha. Tulilala na njaa. Lakini watoto waliacha kuja jikoni kila nusu saa kunitazama usoni. Na kopo halikurudi chini ya kitanda, maana nililiangalia kila siku.

Kutokana na jioni ile tukaanza kitu ambacho mama mkwe alikiita barza. Ninyi wote mnajua barza. Ni pale mbele ya nyumba penye kivuli ambapo mgeni anakalishwa, na ni mkutano wa wazee pia, pale mambo yanaposemwa mpaka yaishe. Yetu ilikuwa baada ya kula, kabla giza halijaingia. Kila mtu anasema siku yake ilikuwaje na ni nini kinachomsumbua, kuanzia mdogo. Akisema, hakuna wa kumkemea. Mkubwa akisema "naogopa", hakuna wa kumcheka. Habari za ugonjwa tulisikiliza saa hiyo hiyo, redio moja, mara moja, tukazima. Zile sauti za WhatsApp zilizokuwa zinazunguka, huyu anasema Corona haipo, ni ya watu wa Kinshasa kula pesa, yule anasema tutakufa wote, tulikubaliana hazisikilizwi usiku. Na giza likishaingia, mambo ya mashaka yamefungwa mpaka kesho jioni. Mtu akianza kuyaleta kitandani, mwenzake anamwambia: "Weka kwa barza."

Kama hamtabeba neno lingine kutoka hapa, bebeni hili. Mashaka yasiyo na saa yake yanachukua saa zote. Ukiyapa nusu saa ya siku, kwa sauti, mbele ya watu wako, yanakuachia zilizobaki. Si zote. Zinatosha kumtazama mtoto usoni.

Mama mkwe alitusaidia kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nikimwona kama mdomo mmoja zaidi wa kulisha, Mungu anisamehe. Katika barza yeye ndiye aliyewaambia watoto jinsi watu walivyokaa ndani mwaka 1996 vita vilipoingia mjini. Akawakumbusha wakubwa tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, jinsi tulivyolala nje siku nyingi kwa kuogopa kuta, na jinsi kila familia ilivyoleta kuni kidogo kwenye moto mmoja. Hakuhubiri. Alisimulia tu nani alileta nini, nani alilia, nani aliimba. Watoto walitaka kusikia hiyo hiyo kila siku. Mkiwa na mzee nyumbani, mwacheni azungumze. Ameshapita mahali hapo.

Sasa niseme juu ya kona. Sina chumba cha kukupa, mama. Lakini pazia ninalo. Tulifunga pazia katika pembe ya chumba, tukaweka ndoo iliyopinduliwa ya kukalia. Kila mtu mkubwa na kila kijana alikuwa na nusu saa yake nyuma ya pazia, na katika nusu saa hiyo hakuna anayemwita. Siku za kwanza watoto waliita "Mama!" kila dakika mbili. Mdogo wangu alikuwa akiwajibu: "Mama hayupo." Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, na sikuwepo. Nusu saa hiyo nilikuwa silali, siombi, sifanyi kitu. Nilikaa. Sijui dawa nyingine iliyonisaidia kiasi hicho.

Na kwa yule ambaye hasira inampanda pale pale, pumzi. Msidharau. Mnajua jinsi tunavyopuliza makala, yaani makaa, kwenye mbabula, jiko letu, asubuhi, pole pole, kwa muda mrefu, ili majivu yasiruke na moto ushike? Vuta pumzi kwa pua kawaida, kisha itoe hivyo, kama unapuliza makala, mpaka iishe. Mara kumi. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta kunauambia moyo upunguze mwendo. Ni mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda moyoni unaofanya kazi hiyo; wewe huhitaji kuamini, unahitaji kupuliza.

Juu ya watoto nitapita haraka kidogo, ingawa wao ndio wengi. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akianza tena, asipigwe. Hiyo ndiyo lugha yake ya kusema anaogopa. Kijana wa miaka kumi na sita akinyamaza wiki nzima, usimwite mvivu. Mpe kazi ambayo nyumba inaihitaji kweli, na umwambie asante. Masomo ya redio yalisaidia. Radio Okapi ilirusha masomo wakati ule, na wangu walikuwa wakikaa kuzunguka redio ya jirani, wengine wanasikia, wengine wanasinzia. Hata anayesinzia anajua kwamba saa nne ni saa ya masomo. Hilo tu ni kitu.

Lakini juu ya msichana mkubwa sitapita haraka. Katika nyumba nyingi za huku, mawazo ya mama yalipomzidi, kazi ziliteremka juu ya binti. Maji yeye, kufua yeye, wadogo yeye, mgonjwa yeye. Kaka yake yuko barabarani. Nani alimuuliza yeye ana mawazo gani? Tarehe 10 Agosti 2020, madarasa ya mwisho yaliporudi shuleni, nawajua wasichana ambao hawakurudi. Nyumba ilikuwa imeshazoea mikono yao. Baba zangu, kijana wa kiume anaweza kubeba bidoni la maji kupanda huu mlima. Ana mabega.

Na sasa jambo zito. Naomba vijana msitoke.

Aprili 2020 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliomba serikali zote ziwalinde wanawake majumbani, kwa sababu watu walipofungiwa ndani kupigwa kuliongezeka. Alisema kwa wengi hatari kubwa iko pale ambapo wangepaswa kuwa salama zaidi, nyumbani mwao. Sisi hatukuhitaji kuambiwa kutoka New York. Tuliwasikia kupitia mbao. Na tulizoea kusema: "Mwache, maskini, ana mawazo." Hapana. Mume wangu alikuwa na mawazo, akaenda kufuta viti. Mawazo hayapigi mtu. Mkono ndio unaopiga, na mkono una mwenyewe. Ninalisema hili nikijua kwamba na mimi mkono wangu ulimpiga mtoto. Nilimwomba msamaha, mbele ya wote, katika barza. Wengine mtasema mzazi haombi msamaha kwa mtoto. Mimi niliomba.

Ukihisi mkono unapanda, toka nje. Usiage, usimalize sentensi. Panda mlima mpaka kwenye bomba na urudi. Na ninyi mlio karibu, msingoje kuitwa kwa kelele. Mimi na majirani zangu wawili tulikubaliana: mtoto akija na kikombe kilichopinduliwa kuomba chumvi, maana yake ni "njooni sasa". Tulikwenda mara mbili. Tuliingia, tukasalimia, tukakaa kwenye kiti kama wageni, tukakataa kuondoka mpaka mambo yakapoa. Hakuna aliyetufukuza, mgeni hafukuzwi. Na aliyebakwa, iwe na mgeni au na mtu wa nyumbani, asifichwe. Afikishwe hospitalini ndani ya saa 72, maana kuna dawa za kuzuia UKIMWI ambazo baada ya hapo hazisaidii tena. Panzi, hospitali inayowatibu waliobakwa, iko hapa hapa mjini kwetu. Dunia nzima inaijua. Isiwe sisi majirani ndio tunaona haya kwenda.

Sasa nizungumze juu ya matanga. Serikali ilikataza matanga kumbini na majumbani. Maiti ilitoka mochari ikaenda kaburini moja kwa moja, na watu wachache tu. Mama yangu mdogo alifariki mwezi wa sita mwaka ule. Aliyenilea. Tulikwenda wachache, tukarudi, na jioni nilikuwa napika kama siku yoyote. Hakuna aliyekuja kulala kwenye mkeka pamoja nami. Hakuna moto nje. Wiki mbili baadaye nilisimama katikati ya kituo, nikasahau dawa niliyokuwa naitafuta, nikasahau hata mgonjwa alikuwa nani. Kilio kisicholiliwa kinaingia mwilini. Mume wangu, ambaye ameona matanga mengi kuliko padri, ndiye aliyeelewa. Alileta nyumbani viti kumi kati ya vile 200, akavipanga mbele ya nyumba, vikiachana. Jioni saba majirani walikuja wawili wawili, wakakaa bila kushikana mikono, wakaimba kidogo, wakaenda, wengine wakaja. Usiku wa saba nililala. Ikitokea tena nyumba ifungwe na mtu afe, msimwache mfiwa apike peke yake. Kuna namna ya kukaa mbali na kuwepo.

Bado kuna mawazo ambayo barza haiwezi. Mtu asipolala wiki mbili, asipokula, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akianza kusema afadhali afe, au akianza kugawa vitu vyake, huyo ni mgonjwa kama mwenye malaria. Aende kituo cha afya, na wao watamwelekeza. Tuna SOSAME hapa Bukavu, wanaotibu magonjwa ya akili. Najua watu wanavyopaita. Nimewapeleka watu pale wakiwa wamefungwa kamba na nimewaona wakirudi kuuza sokoni. Na kabla hujampeleka kwa mtu wa maombi wa kumfungia siku arobaini bila kula, mpitishe kwanza kwetu. Sali naye, ndiyo. Lakini mpe na dawa, na mpe chakula.

Naona baba mmoja kule nyuma ameinua mkono tangu zamani. Sema, baba.

Ameuliza hivi, nirudie kwa wasiosikia: "Mama, nikikaa mkekani nikawaambia watoto sina pesa, si nitapoteza heshima yangu?"

Asante kwa kuuliza kwa sauti. Nilimuuliza mume wangu swali hilo jana usiku nilipokuwa natayarisha maneno haya, kwa sababu mimi siwezi kulijibu kama mwanamume. Aliniambia kwamba jioni ile ya kopo aliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake, na kwamba kesho yake asubuhi, alipokuwa anapiga viatu rangi atoke, yule kijana wa miaka minane alikuja akasimama kando yake na kitambaa mkononi. Akamwambia: "Baba, viti ni 200. Tukienda wawili, kila mtu atafuta mia." Walikwenda pamoja. Walikwenda kila siku mpaka Agosti.

Hivyo ndivyo alivyonijibu, nami ninakupa wewe, baba, jinsi nilivyopewa.

Mwenye neno ambalo hawezi kulisema mbele ya watu, kila Jumatano kuanzia saa kumi mimi niko kwenye barza ya nyumba yangu, chini kidogo ya bomba. Silipishi. Njoo na mtoto kama huna wa kumwachia.